Kwanza Unakohoa

Magadi yakigusa maji ya moto hutoa sauti kama ya mtu anayembembeleza mtoto: shiii. Halafu inakuja ile harufu, sijui niifananishe na nini, kama vumbi lililonyeshewa na kama majivu ya juzi. Mimi harufu hiyo naisikia kila siku ya Mungu hapa Shelui, kwenye banda langu la chakula pembeni ya maegesho ya malori, na ungedhani nimeizoea. Sijaizoea. Kila ikinipanda puani narudi kuwa mtoto, nimekaa juu ya dumu lililolala, magoti yamegusa kidevu, naangalia mikono ya bibi.

Juzi alikuja dereva mmoja kijana, mtu wa Mbeya, akala ugali wa uwele kwa mlenda, akaongeza, akaongeza tena. Akaniuliza, "Dada, huu mlenda mnaupikaje? Nataka nikamwelekeze mke wangu."

Nikamjibu bila hata kufikiri, "Kwanza unakohoa."

Akabaki na tonge mkononi. Utingo wake akacheka mpaka akapaliwa. Nami nikacheka, kisha nikageukia jiko haraka kwa sababu macho yalikuwa yameanza kunisaliti. Nikaona nikifunga banda, nikae niandike. Mimi shule yangu iliishia kidato cha nne, na hicho kidato chenyewe tuliagana vibaya, lakini kuandika kile nilichokiona kwa macho yangu najua. Nilifundishwa nyumbani, barazani, na mwanamke ambaye kwao hawapiki mlenda.

Nyumbani kwetu ni ndani kidogo kutoka barabara kubwa, ng'ambo ya mto ambao kiangazi ni mchanga mtupu na masika ni mnyama. Mama yetu alifariki mdogo wangu Daudi akiwa bado anabebwa mgongoni, na mimi nikiwa na akili ya kukumbuka kanga yake tu, sura hapana. Baba alikuwa dereva wa lori, leo yupo, kesho yuko Kahama. Kwa hiyo aliyetulea ni bibi, mama yake baba, na dunia yetu nzima ilikuwa jiko lake.

Sasa kwetu mtoto wa kike hafundishwi kupika. Hakuna mtu anayekuambia weka hiki, toa kile. Unakaa, unaangalia. Unaangalia miaka. Siku moja unapewa mwiko, na ole wako kama ulikuwa unaangalia kuku. Bibi hakuniruhusu hata kugusa mpekecho, ile fimbo ya kuvurugia mlenda. "Kaa hapo," aliniambia, "macho ndiyo yanayojifunza. Mikono ni watumishi tu." Basi nikakaa. Nilimjua bibi jikoni kuliko nilivyojua sala ya Baba Yetu. Nilijua anakohoa kabla ya kufunua chungu. Nilijua anajifunga upya kanga kiunoni, anamfukuza kuku kwa maneno yaleyale, analalamikia mgongo, anatoka nje kuangalia barabara, anarudi. Na nilijua kwamba ugali ukiiva hukata tonge la kwanza, analichovya kwenye mlenda, analiweka juu ya kifuniko cha chungu kule karibu na mlango, hasemi kitu. Baadaye paka huja analila. Nilijisemea, bibi huyu anampenda paka kuliko sisi, maana sisi hula la mwisho na paka hula la kwanza.

Kisha baba akaoa tena, akamleta Mama mdogo.

Aliteremka kwenye lori na begi moja, mkungu wa ndizi, na miwani. Miwani ile ilitushtua. Daudi alininong'oneza, "Huyu ni mwalimu au ni daktari?" Kumbe hakukosea sana, alikuwa akifundisha watoto wa chekechea huko Kahama, na kwao kwa kuzaliwa ni upande wa Bukoba, ambako mtu asipokula ndizi anasema hajala. Alipiga magoti mbele ya bibi, "Shikamoo mama," na bibi akaitika, "Marahaba, karibu mkamwana," vizuri kabisa. Lakini nilimwona bibi akiutazama ule mkungu wa ndizi kama mtu anayemtazama mgeni aliyekuja na kiti chake.

Hazikupita siku nyingi, simu ikaja kwamba shangazi amejifungua huko Mitundu na anamhitaji mama yake. Bibi akafunga mzigo wake. Tulimsindikiza mpaka barabarani, na wakati tukisubiri gari nilimsikia akimwambia baba, akidhani mimi nachezea mawe:

"Mimi naenda. Nikirudi nitakula chakula cha mkono wa mkeo. Ugali wa uwele na mlenda, si vitu vya kununua. Nikiona moto wake haueleweki, watoto nawachukua twende Mitundu. Mtoto hakui kwa miwani."

"Mama, jamani, si atajifunza?"

"Ndiyo nimekuambia nitakula."

Baba akamfungia kuku miguu vizuri, yule wa kumpelekea mzazi supu, akampandisha bibi kwenye gari. Mimi maneno yale niliyabeba tumboni kama mtu aliyemeza mbegu. Mitundu sikuijua. Nilijua tu kwamba ni mbali, na kwamba huko hakuna Mama mdogo. Na kusema kweli, katika zile siku chache nilikuwa nimeanza kumpenda. Alikuwa ananisuka bila kunivuta. Alikuwa anauliza, "Naomi, wewe ukikua unataka nini?" na akisubiri jibu. Hakuna mtu aliyewahi kusubiri jibu.

Mvua zikaja. Mto ukajaa, shule iko ng'ambo, na baba kabla ya kuondoka na lori alisema hakuna mtoto wake atakayevuka maji yale hata kama kuna mtihani wa mbinguni. Mama mdogo akasema sawa, basi shule itavuka yenyewe ije huku. Asubuhi iliyofuata akatuweka barazani. Ubao ulikuwa mlango wa stoo, aliousugua kwa mkaa ukawa mweusi. Chaki ilikuwa vipande vya muhogo mkavu. Tatizo la chaki ile ni kwamba mbuzi waliipenda. Ukigeuka kidogo, mbuzi anakulambia sentensi. Daudi aliposhindwa kusoma alikuwa na jibu tayari: "Mama mdogo, hilo neno limeliwa."

Hesabu alitufundisha, lakini alichokipenda ni kuandika. "Andika unachokiona," alisema. "Usiandike unachodhani mwalimu anataka. Mtu ambaye hajawahi kufika hapa asome, aone." Niliandika jiwe. Niliandika kunguru. Niliandika jinsi Daudi anavyopenga kamasi, na Daudi akalia, na Mama mdogo akasema insha nzuri lazima imwache mtu mmoja akilia, akacheka hadi akavua miwani kuifuta.

Jambo moja tu lilinisumbua. Kila jioni tulikula ugali wa sembe na maharage, au wali, au viazi. Na siku nyingine nilikuta nyuma ya jiko, chini ya mti wa mnyaa, kitu kimemwagwa: kitu cha kijani, kimeganda kama gundi au kimechuruzika kama maji ya kuoshea vyombo, na kuku wanakizunguka bila kukigusa. Mimi nikaamua ni dawa. Nikamwambia Daudi, "Watu wa Bukoba wanachemsha dawa ya kinga. Usimwambie mtu." Daudi hakumwambia mtu. Ila alianza kumsalimia Mama mdogo kwa adabu zaidi.

Ndipo siku moja akaandika mlangoni kwa muhogo, herufi kubwa nzuri: NAMNA YA KUPIKA MLENDA NA UGALI WA UWELE.

"Leo," akasema, "mtaandika insha ya maelekezo. Kila mtu yake. Halafu mimi nitajifanya mgeni, sijui kitu. Nitafuata mlichoandika nyie, neno kwa neno. Mkinipoteza, nimepotea. Chakula cha leo ndicho mtakachokuwa mmeandika."

Kama kuna mtoto aliyewahi kupewa mtihani alioutamani, ni mimi siku ile. Nikaandika mpaka kidole kikachimbika. Daudi alimaliza kabla sijaanza, akanyoosha mkono, akapewa ruhusa kusoma. Akasimama, akaweka daftari mbele ya uso kama padri:

"Namna ya kupika mlenda. Ukitaka kupika mlenda mwite bibi. Kaa chini. Usiguse. Subiri. Kula. Mwisho."

Mama mdogo alijishika mbavu. "Daudi, yako haina kosa hata moja. Tatizo bibi yuko Mitundu. Naomi?"

Nikasoma yangu kwa sauti ya juu. Tukahamia jikoni. Mama mdogo akaishika karatasi yangu mkono mmoja kama mtu anayesoma ramani. "Injika chungu motoni," akasoma. Akainjika. "Weka mlenda." Akachota unga wa mlenda kwenye kibuyu cha bibi, akamwaga ndani ya chungu kikavu. Moshi! Moshi mweusi, mchungu, tukatoka nje sote tunakohoa, na kuku wanapiga kelele kama tumevamiwa.

"Mama mdogo! Maji!"

"Maji hujaandika, mwanangu. Mimi mgeni, nitajuaje?"

"Lakini kila mtu anajua!"

"Mimi sijui," akasema, na macho yake yalikuwa yanatoka machozi. Nilidhani ni ya moshi. "Naomi, nisikilize. Andika tena. Usiache kitu. Hata kile unachoona ni kidogo, hata kile unachoona kila mtu anajua. Kila anachofanya bibi, kuanzia anapoingia mlangoni. Unaweza?"

Niliweza! Bibi nilikuwa naye kichwani mzima mzima. Ningeandika hata kivuli chake. Nikalala kifudifudi barazani mchana kutwa, mguu mmoja unapunga hewani, nikaandika kurasa. Na kwa kuwa nilikuwa nimepata aibu ya maji, safari hii niliapa sitaacha hata unywele.

Kesho yake tukaingia jikoni tena. Mama mdogo akasoma.

"Ingia kwa mguu wa kulia. Kohoa." Akanitazama juu ya miwani. "Nikohoe?"

"Ndiyo. Kikohozi kifupi, halafu kirefu."

Akakohoa. "Funua chungu. Funga kanga upya. Tia maji, yasifike kwenye alama nyeusi ya ndani. Sema: wewe kuku, kwenu hakuna chakula?" Akasimama. "Naomi, kuku hayupo."

"Sema tu, Mama mdogo. Ukiruka hautaiva."

Niliamini hivyo kwa moyo wangu wote, msinicheke. Ningejuaje ipi ni mapishi na ipi ni bibi? Mimi niliviona vyote vinaingia chungu kimoja, na kikitoka chakula kitamu. Na Mama mdogo, nadhani mwanzoni alifuata ili tucheke tu. Lakini jambo likatokea: mlenda ukawa mlenda. Magadi yalisema shiii kwa wakati wake, unga ukanyunyizwa kidogokidogo huku mpekecho unazunguka katikati ya viganja, nyanya, chumvi, karanga za kutwanga, "mgongo wangu jamani", kupunguza kuni moja, kutoka nje kuangalia barabara, kurudi. Ukirudi, povu limeshuka. Ukikaa tu jikoni unaingiwa na haraka, unauharibu. Kule kuangalia barabara ndiko kulikokuwa saa ya bibi.

Tulikula siku ile mpaka chungu kikakauka. Daudi alilamba sahani pande zote mbili.

Basi ikawa wimbo. Kila siku Mama mdogo alipika kwa insha yangu, na baada ya muda karatasi haikuhitajika, maneno yote alikuwa nayo kinywani kwa mpangilio wake. Siku moja alijaribu kuruka kikohozi, akasahau chumvi. Siku nyingine akaruka kuku, akatia karanga kabla ya magadi. Akakata shauri kutoruka kitu. Kuna jirani yetu, Mama Furaha, alichungulia uani akamkuta anamgombeza kuku ambaye hayupo. Akarudi kwake taratibu. Nilimwuliza Mama mdogo kwa nini asingemwita Mama Furaha aje aone na yeye tunavyosoma. Akasema, "Mwanangu, nikimwambia Mama Furaha kitu leo jioni, Mitundu watakijua kabla sufuria haijapoa." Sikumwelewa. Niliona tu kwamba mwalimu wangu hapendi wageni darasani.

Bibi akarudi mto ulipopungua. Tulimwona kwa mbali, mzigo kichwani, anatembea kwa ule mwendo wake wa kuhesabu udongo. Daudi akakimbia. Mimi nikakimbia kidogo, nikasimama, kwa sababu nilikumbuka maneno ya barabarani, ile mbegu niliyoimeza. Leo ni leo. Tulisalimiana, tukapewa asali ya Mitundu tukalamba vidole, bibi akamwangalia Daudi mbavu kama mtu anayenunua ndama, akaridhika au hakuridhika, sikujua. Kisha akasema neno moja tu: "Mkamwana, njaa."

Akaingia jikoni kabla ya Mama mdogo, akavuta kigoda chake, akakaa pembeni ya mlango. Mahali pangu mimi! Mahali pa kuangalia.

Mama mdogo alisimama nje kidogo. Nilimwona midomo inacheza, anapitia wimbo. Akavua miwani, akaivaa tena. Akaingia kwa mguu wa kulia.

Akakohoa. Kifupi, halafu kirefu.

Bibi akainua uso.

Akafunua chungu. Akajifunga kanga upya kiunoni, vilevile, na kile kivuto cha mwisho cha upande wa kushoto. Akatia maji. Halafu akageukia kona tupu ya jiko, akasema, "Wewe kuku, kwenu hakuna chakula?"

Daudi akaguna puani. Nikamfinya. Bibi aliangalia kona ile, hakuona kuku. Akamwangalia Mama mdogo. Nilimfahamu bibi: kidevu kikianza kusogea mbele, mtu akatafute pa kulala. Nikataka kupaza sauti, nimwambie Mama mdogo ruka, ruka yaliyobaki. Lakini mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kwamba ukiruka hautaiva.

Magadi. Shiii. Unga, mpekecho, nyanya, chumvi, karanga.

"Mgongo wangu jamani," akasema Mama mdogo, ameshika kiuno.

"Heee!" Bibi akagonga kigoda kwa kiganja. "Mkamwana! Nimekukosea nini mimi? Nimetoka safari, hata mguu haujapoa, unaniigiza mbele ya wajukuu zangu? Kwenu ndivyo mnavyowapokea wakwe?"

Mama mdogo akapiga magoti palepale, lakini mpekecho hakuuachia. "Hapana mama. Nisamehe mama. Nikiuacha utafurika."

"Basi upike kama mtu!"

"Sijui kuupika vingine, mama."

Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia ile sentensi na kuielewa. Hajui. Hakujifanya mgeni. Dawa ile chini ya mnyaa haikuwa dawa. Mwalimu wangu mwenye miwani alikuwa hajui mlenda, na mwalimu wake nilikuwa mimi, na mimi nilimfundisha kukohoa.

Alimaliza akiwa anatiririka machozi na hakuyafuta, kwa kuwa kufuta machozi hakukuandikwa. Akapunguza kuni. Akatoka nje, akaangalia barabara, akarudi. Bibi alimfuata kwa macho mpaka mlangoni na kumrudisha, na pale nikaona kidevu kinasita, maana barabara ile ni ya lori la baba, na wote wawili walikuwa wanamngoja mtu mmoja. Ugali ukasongwa. Uwele ukanukia. Mama mdogo akakata tonge la kwanza, akalichovya kwenye mlenda, akaliweka juu ya kifuniko cha chungu kule karibu na mlango. Hakusema kitu.

Bibi akalitazama lile tonge.

"Hilo la nani?" Sauti ilikuwa nyingine kabisa.

"Sijui, mama. Wameniandikia hivyo. Naomi aliniambia ni la paka."

Bibi akanigeukia. "La paka?"

"Si paka ndiye huwa analila, bibi," nikasema.

Alivuta upande wa kanga yake, akajifunika uso. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani anacheka, Daudi naye akadhani hivyo akaanza kucheka, kisha akaacha.

"La mama yenu," bibi akasema ndani ya kanga. Alisema kwanza kwa Kinyiramba, kisha akarudia kwa Kiswahili ili Mama mdogo aelewe. "Alipenda la kwanza, likiwa bado linatoa mvuke. Nilikuwa namkatia akiwa anamnyonyesha huyu. Alipoondoka mkono wangu ukawa haukubali kuacha. Paka akila, ale. Mimi namkatia yeye."

Hakuna aliyefundishwa hilo. Sikuwahi kulisikia nyumba nyingine, wala sijalisikia tangu hapo. Lilikuwa la bibi peke yake, na mimi nililiandika kwenye insha katikati ya kuni na karanga, bila kujua ninachokiandika. Na mgeni kutoka nchi ya ndizi akalifanya kila siku, kwa mikono yake, kwa ajili ya mwanamke ambaye nafasi yake watu walisema ameichukua.

Mama mdogo alibaki amepiga magoti. Bibi akafunua uso, akapenga kamasi, akavuta sahani. Akamega. Akachovya. Akatafuna akiwa anaangalia dari ya nyasi. Nilihesabu pumzi zangu.

"Magadi yamezidi," akasema.

"Ndiyo mama."

"Kidogo. Si sana." Akamega tena. Akala mpaka katikati ya sahani. Kisha: "Na kikohozi. Kikohozi changu ndivyo kilivyo hivyo? Kifupi na kirefu?"

"Ndivyo, bibi!" Daudi akadakia. "Halafu unasahau kukohoa ukiwa na hasira!"

Bibi aliangua kicheko. Alicheka yule mwanamke hadi akashika ule mgongo wake na kusema "mgongo wangu jamani", na aliposikia alichosema akacheka upya, na Mama mdogo naye, machozi yaleyale yakapata kazi nyingine. Mama Furaha alikuja kuchungulia. Bibi akamwona, akamwita, "Karibu, njoo ule mkono wa mkamwana wangu." Nikajua sitaenda Mitundu. Ile mbegu ikayeyuka tumboni, au ikaota, sijui, maana siku ile nilikuwa na njaa ya ajabu na sikushiba hadi niliponyang'anywa sahani.

Jioni bibi aliniita. "Lete hiyo karatasi yako unisomee." Nikamsomea kuanzia mguu wa kulia. Alinisikiliza amefumba macho, anatikisa kichwa, kama mtu anayesikiliza habari za ndugu aliyepotea. Nilipomaliza akasema, "Umesahau kitu." Nikaogopa. "Mtoto. Pembeni kuna mtoto amekaa juu ya dumu, ananiangalia. Bila huyo, mimi sipikagi vizuri."

Nikaliongeza.

Bibi ametuacha masika iliyopita. Mama mdogo bado yuko nyumbani, miwani imekuwa minene, na ukimsikia anavyolalamikia mgongo siku hizi, ni mgongo wake wa kweli. Mimi niko hapa Shelui na banda langu, na siku moja litakuwa hoteli yenye ghorofa na maandishi ya taa, mtaona. Nimeshachagua hadi rangi ya vitambaa vya meza. Kwa sasa nina mafiga, vyungu, na dumu moja lililolala pembeni, kwa mtoto yeyote wa mteja anayetaka kukaa.

Yule dereva wa Mbeya nilimwelekeza yote. Alicheka, lakini aliandika kwenye simu yake, na nilimchungulia: hakuruka kuku. Alipofika kwenye tonge la kwanza akauliza, "Na hili la nani?"

Nikamwambia hilo kila mtu analo la kwake. Langu huwa ni matonge mawili siku hizi. Nayakata yakiwa bado yanatoa mvuke, nayaweka juu ya kifuniko karibu na mlango, sisemi kitu. Paka wa hapa Shelui wamenenepa sana.